Upande wa Pili wa Mzigo

Kazi yangu ya mshahara ni ukarani katika shule moja hapa Iftin, mtaa wa Garissa. Kazi yangu isiyo na mshahara, ambayo ndiyo inayonizeesha, ni kufuatilia ngamia wasiokuwepo.

Nieleze vizuri, maana nikisema hivyo dukani watu hunitazama kwa huruma. Tuko watu zaidi ya hamsini katika kundi moja la simu: wa Garissa, Wajir, Mandera, Dadaab, na wachache wa Nairobi ambao hawajawahi kukama hata mbuzi. Kila mmoja ana mhusika wake, na kwa pamoja tunaandika hadithi ya jamii ya wafugaji wanaohamahama. Ukiandika "Nafungua zizi," basi zizi limefunguliwa. Mwingine anajibu, wa tatu anadakia, na kabla hujamaliza chai yako jumbe mia mbili zimepita, mbuzi wametawanyika na mchumba wa mtu ameposwa na mwingine.

Sheria kubwa ni moja tu: marufuku kumwandikia mwenzako. Unaweza kunyoosha mkono, lakini huwezi kuandika kwamba mwenzako ameushika. Hilo ataandika mwenyewe akipenda.

Nilipewa kazi ya kuweka kumbukumbu kwa sababu, walisema, nimezoea rejista. Nikavimba kichwa. Nikanunua daftari kubwa, nikapiga mistari: mhusika, mahali alipo, alichofanya mwisho. Walimu wakienda chai, mimi nasoma jumbe na kuandika. Mtu akiuliza, "Jamani, tumefika wapi? Nilikuwa sokoni," nampa muhtasari wa mistari mitatu. Akiuliza tena namwambia apande juu asome. Mimi si mama wa mtu.

Baada ya alasiri namsomea mama yangu yaliyotokea. Mama anauza maziwa ya ngamia, na alikulia kwenye kuhama huko Wajir kabla ya kuolewa mjini. Mwanzoni alisema huu ni mchezo wa watu waliokosa mifugo ya kweli. Wiki ya pili alikuwa ananiuliza, kabla hata sijavua viatu, kama lile dume korofi limeshafungwa kamba.

Katika hao hamsini alikuwepo msichana wa kambi ya wakimbizi ya Dadaab, aliyeandika kama ajuza mwenye ngamia mmoja. Alipojiunga aliniandikia pembeni, kwa adabu kabisa: "Abaayo, dada yangu, mimi nimezaliwa hapa kambini. Nyanya yangu alihama maisha yake yote, mimi sijawahi kuhama. Nataka nihame hata mara moja." Nikamjibu, "Karibu. Soma sheria." Ndivyo nilivyo.

Basi siku ya kuhama ikafika. Wallahi simu ilipata moto mkononi. Kila mtu alitaka ngamia wake apakiwe kwanza, wa Nairobi wakauliza kama ngamia anapakiwa akiwa amesimama, wakachekwa, wakanuna. Kufikia adhuhuri msafara ulikuwa umeondoka kisimani tulikokuwa tumepiga kambi, nami nimejaza kurasa nne. Nilijipongeza.

Katikati ya zile jumbe ajuza aliandika: "Nimeshika upande huu wa mzigo. Nani atashika upande wa pili?" Niliuona ujumbe huo. Kesho yake ukaja tena, maneno yale yale. Kesho kutwa yake, tena. Nikasema, mtandao wa huko una tabia hiyo, ujumbe mmoja unajituma hata mara nne. Nikawa nauruka.

Mkuu wa kundi, bwana mmoja wa Mandera mwenye haraka zake, alikuwa ameweka kanuni: ambaye hatajiunga na msafara kwa siku saba anatolewa kundini, maana nje kuna foleni ya wanaotaka kuingia. Kuandaa orodha ni kazi yangu. Siku ya sita nikaiandika. Watu wanne, na wa nne ni ajuza.

Nikamsomea mama. Alikuwa anasuuza mitungi ya maziwa.

"Huyo mzee wa watu amekufa?" akauliza.

"Hajafa, amezembea. Kila siku anarudia neno moja tu."

"Neno gani?"

Nikamsomea. Mama akaweka mtungi chini.

"Naa, wewe ulizaliwa wapi?"

"Hospitali, hapa mjini. Si ulikuwepo?"

"Inaonekana," akasema. "Mzigo wa ngamia haupakiwi na mtu mmoja. Ukifunga upande mmoja peke yake, ngamia akiinuka kila kitu kinamwagika. Unashika upande wako, unaita. Anayesikia anakuja, hata kama hamsalimiani. Na wewe uliyeita huachii. Sasa ulitaka aseme nini kingine?"

"Angeandika tu kwamba mtu amekuja kumsaidia."

"Si mlimkataza?"

Tulimkataza. Mimi ndiye niliyemwambia asome sheria.

Nikapanda juu kwenye jumbe, nikahesabu. Mara sita, kila siku mara moja, asubuhi. Ule wa sita ulikuwa na nyongeza ambayo sikuwa nimeisoma: "Ngamia amechoka kupiga magoti." Niliona aibu, ile aibu yenyewe ya kuchoma masikio. Msichana ameomba kuhama mara moja tu tangu azaliwe, msafara mzima umempita, na mimi nimemweka kwenye orodha ya wazembe kwa mwandiko mzuri.

Mkuu akaandika, "Karani, orodha iko wapi?"

"Subiri."

"Kuna nini?"

"Nimesahau kitu kisimani."

Mhusika wangu, mke wa pili mwenye mdomo, alikuwa mbele kabisa ya msafara, maana huko ndiko kwenye umbea. Nikaandika: "Nageuza ngamia wangu. Narudi kisimani." Mmoja wa Nairobi akauliza kama nimesahau chaja. Nikaandika: "Nimefika. Nashika upande wa pili."

Alama ikaonyesha amesoma. Jumbe nyingine zikaendelea kupita, watu wakigombania kivuli huko mbele. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono inachuruzika maji.

"Hajibu?"

"Bado."

"Ningekuwa mimi nisingejibu."

Nikamwambia asante sana, hooyo, umenisaidia. Nilikuwa karibu kulia, na yeye aliona, akarudi kwenye mitungi yake.

Kisha ajuza akaandika: "Mkono umekufa ganzi."

Na papo hapo: "Haya. Inua."

"Nainua," nikaandika. Akaandika kwamba kamba imekaza. Akaandika kwamba ngamia anainuka. Akaandika kwamba anatembea.

Nilimfuta kwenye orodha, nikampelekea mkuu majina matatu. Halafu nikafungua daftari. Mahali alipo, ambapo kwa siku sita palisomeka "kisimani," nikafuta kwa mstari, nikaandika "njiani." Mama hajui kusoma, kwa hiyo akaniambia nimsomee nilichoandika kwenye nafasi ya mwisho, ya alichofanya.

"Amehama," nikamsomea.