Kasuku Wawili na Gitaa la Mzee Sefu

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya shamba la mkonge nje ya mji wa Kilosa, Mkuu wa Karakana alinizaba kofi la mkononi. Nilikuwa nimeingiza vidole ndani ya amplifaya la bendi ya shamba, ile mashine inayokuza sauti ya gitaa, nikidhani kwa kuwa limezimwa ni salama.

"Binti, hili ukilizima halijalala, limefumba macho tu!" alifoka.

Na kweli. Amplifaya la zamani lilikuwa la valvu, vichupa vya kioo vinavyowaka moto ndani, na lilibaki na umeme wa kuua mtu hata waya ukiwa umechomolewa. Ndivyo nilivyoanza ufundi mitambo, mwanamke peke yangu kati ya wanaume wenye midomo mirefu. Nami mdomo ninao, kwa hiyo tuliwezana.

Vijana, mjue jambo moja kuhusu valvu. Amplifaya lake ukilipiga kwa sauti ya chini, gitaa hulia kama kopo. Ukilifungulia mpaka valvu zipate moto, sauti inakolea, inakwaruza kidogo, inaingia mwilini. Sisi tuliita hali hiyo kuiva. Na aliyejua kuliivisha ni Mzee Sefu, mpiga solo wetu, mtu wa Magole ambaye jembe alilijua kwa kuliona tu.

Zikaja zama za ubinafsishaji. Shamba likauzwa, mwenye shamba mpya hakutaka bendi. Kiongozi wa Bendi hakukubali tutawanyike. Akatutafutia kazi, nami nikiwa fundi wao wa vyombo, katika hoteli moja ya Mikumi, kando ya barabara kuu, walipolala watalii wa mbugani. Jioni ya kwanza tu, Meneja wa Hoteli akatuita.

"Wageni wangu wamekuja kusikia simba, si spika zenu," alisema. "Amplifaya hilo litoke. Mkishindwa kupiga taratibu, nitabaki na mtu wa kinanda peke yake."

Mtu wa kinanda alikuwa mmoja wetu, kijana mwenye adabu, akainamisha kichwa kwa haya. Baadaye Mzee Sefu aliniambia, "Mwanangu, nikitoka hapa narudi Magole kufanya nini? Hata kuku hawanijui."

Nikapanda basi mpaka Morogoro kwa mwenye duka la vyombo vya muziki. Wakati huo bidhaa za kila namna zilikuwa zimeanza kumiminika. Akaniazima visanduku viwili vya viwanda viwili vilivyokuwa vikigombea soko, kila kimoja kikijisifu kuwa kinaiga amplifaya kubwa kuliko mwenzake. Nichague kimoja, kingine nirudishe.

Loo! Nilipochomeka gitaa kwenye cha kwanza, sauti ya chini kabisa, likatoka gitaa lililoiva! Nilifungua kifuniko nikitafuta valvu. Hamna. Ni kompyuta ndogo tu, iliyofundishwa tabia za amplifaya, hata mvumo wa kasha lake la mbao. Nilikaa chini sakafuni.

"Huyu ni kasuku," alisema Mzee Sefu. "Anamuiga mwenye nyumba."

Kasuku wa kwanza alikuwa na kioo cha maandishi na sauti chungu nzima, ukurasa ndani ya ukurasa. Wa pili alikuwa na swichi za kuzungusha tu: besi, trebo, volyumu. Sote tukampenda wa kwanza. Nani asipende kioo kinachowaka?

Meneja akaja kusikiliza, wageni wachache wakiwa mezani. Wimbo ukaenda vizuri mpaka kwenye chemko. Chemko ni ile sehemu ya mwisho, ya kasi, na mlango wake hufunguliwa na mpiga solo kwa noti chache kabla ngoma hazijaingia. Kiongozi akaita, "Chemko!" Mzee Sefu akakanyaga pedeli ya kubadilisha sauti. Kimya! Kumbe kile kisanduku kilinyamaza kitambo cha kupepesa jicho kila kilipohama sauti moja kwenda nyingine. Waliokitengeneza pengine hawakujua chemko. Noti za mlango zikamezwa, ngoma zikaingia kivyake, wachezaji wetu wa jukwaani wakabaki na mguu mmoja hewani.

"Kinanda hakipotezi noti," alisema Meneja.

"Wimbo mmoja tu, Bosi," Kiongozi alimwomba. "Mmoja."

Nikachomeka kasuku wa pili.

"Pedeli iko wapi?" aliuliza Mzee Sefu.

"Hana, Mzee. Tumia mkono wako, kama zamani."

Akagusa nyuzi kwa upole, sauti ikawa safi kama maji ya kisima. Akaita Kiongozi, "Chemko!" Sefu akazungusha swichi ya volyumu ya gitaa lake kwa kidole kidogo, akakaza mkono, na lile dude likaiva papo hapo, likimfuata kidole kwa kidole! Mhudumu mmoja aliweka sinia chini akacheza. Nililia, sioni haya kusema.

Meneja alisikiliza mpaka mwisho. "Mzee abaki, na bendi yote," alisema, akaenda zake jikoni.

Sasa nimestaafu, niko hapa Kilosa. Vijana huniletea simu zenye programu zinazoiga kila amplifaya la dunia, wakibishana ipi kiboko. Siwacheki, maana hata mimi mshangao haujaniisha. Madukani yule wa kioo ndiye aliyeuzika, wa swichi akapotea kabisa. Ndiyo biashara. Ila wakiniuliza kipimo changu, huwasimulia jioni ile ya Mikumi ilivyokwisha.

Mzee Sefu, mkubwa wetu sote pale, alilaza gitaa kitini. Akapiga goti mbele ya kile kisanduku, akakiwekea kiganja juu, akasema, "Shikamoo."

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka. Alibaki ameinamisha kichwa vilevile, anasubiri kuitikiwa.