Ya Nne ni Yako

Walimwita Pasi kwa sababu ya kazi iliyomlea. Alikuwa akipiga pasi mashuka ya hospitali, katika chumba kirefu kilichojaa mvuke, na kutwa nzima aliimba bila kujijua, kama mtu anavyojikuna. Wenzake walikuwa wakimtania: "Pasi, punguza sauti. Wagonjwa watadhani wameshafika mbinguni, na zamu yao bado."

Aliyemsikia kwa sikio la kazi ni fundi umeme wa hospitali hiyohiyo, aliyekuja siku moja kutengeneza feni. Mwisho wa wiki fundi huyu alipiga gitaa la besi katika bendi, na huko jina lake lilikuwa Bwana Tatu. Subirini, nitawaambia kwa nini. Alimaliza feni yake, akashuka ngazi, akakunja waya polepole, ndipo akasema, "Sauti unayo, binti. Pumzi huna. Jumamosi uje nyumbani. Mke wangu yupo, usiogope."

Pasi akaenda. Akakuta sebule ambayo viti vimesukumwa ukutani, na blanketi zito limetundikwa dirishani ili majirani wasilalamike. Akajua leo ataimba. Thubutu! Miezi mitatu mizima hakuruhusiwa kuimba hata neno moja. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda na kusikiliza hesabu.

Mnajua, wanamuziki huhesabu moja, mbili, tatu, nne, kisha wakaingia pamoja. Yule mzee alihesabu moja, mbili, tatu, akanyamaza. Mahali pa nne palibaki patupu.

"Mjomba, mbona husemi nne?" Pasi alimuuliza. Mjomba hakuwa, undugu wao ulikuwa wa hiyo sebule tu.

"Ya nne ni yako. Ndipo unapovuta pumzi. Nikiisema mimi, wewe utapumulia wapi?"

Mpiga ngoma wa bendi yao, mtu wa maneno mengi, alidakia kutoka pembeni. "Usidanganywe. Huyu shule walimfukuza kabla hawajafika nne."

"Nilifika," akasema Bwana Tatu. "Nikampisha mwenzangu."

Basi akamfunza hivyo, kidogokidogo. Ukifika ukumbini, msalimie anayepanga spika kabla hujamsalimia mwenye ukumbi. Karatasi ya mkataba isome nyumbani, usiisome ukiwa umesimama. Ukiwa na mafua, sema una mafua. Miaka minne alimtembeza kumbi kwa kumbi, akimtambulisha kwa watu waliokuwa wakimheshimu yeye, mpaka wakaanza kumheshimu binti. Na mwisho, baada ya kumbembeleza fundi mitambo wa studio kwa majuma mawili, akampeleka kurekodi wimbo wake wa kwanza.

Walipiga wote kwa pamoja, mara moja tu, ukakubali. Mwanzoni kabisa mwa wimbo ilisikika sauti kavu ya mzee: moja, mbili, tatu. Kisha kimya. Kisha Pasi.

Bwana Tatu alikuwa ametoka nje kunywa maji. Fundi mitambo akageuka. "Hii hesabu ya mzee niiache, au niikate?"

Kulikuwa na meneja mpya wa Pasi pale, kijana wa miwani. "Inasikika kama mazoezi," akasema.

Lakini fundi mitambo hakumwangalia meneja. Alimwangalia mwenye wimbo.

"Kata tu," akasema Pasi.

Maneno mawili, ndugu zangu. Mengine yote yalitoka hapo.

Wimbo ukapendwa. Siku redio ilipoupiga mara ya kwanza, Bwana Tatu alikuwa kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu. Akamshika kinyozi mkono ili mashine inyamaze. Wimbo ukaanza na sauti ya Pasi moja kwa moja. Alirudi nyumbani, akamwambia mkewe, "Mtoto ameingia bila kuhesabiwa." Akacheka kidogo, na neno hilo hakulirudia tena.

Meneja alileta mpiga besi mwingine, kijana anayeruka jukwaani. Pasi akasafiri, akajulikana. Mwanzoni alimpigia mzee simu kila Jumamosi. Baadaye kila mwisho wa mwezi. Baadaye akawa anasema, nitampigia kesho, na kesho hiyo ilichukua miaka sita.

Aliyepiga simu mwishowe ni mke wa mzee. Bwana Tatu amepigwa na kiharusi.

Pasi alikwenda na kinasa sauti kidogo ndani ya mkoba. Wimbo wake wa kwanza ulikuwa unarekodiwa upya, naye alikuwa ameapa kwamba hautatoka bila hesabu ya mzee, kwa sauti ya mzee mwenyewe. Alichokitaka duniani wakati huo ni hicho tu: kurudisha alichokikata.

Mke wa mzee alimpokea mlangoni. "Wahenga walisema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha," akasema. Akamtazama kitambo. "Haya, ingia, mwanangu. Umekonda."

Blanketi bado lilikuwa dirishani. Mzee alikuwa amekalishwa kitini, mkono mmoja umelala kama si wake. Pasi akapiga magoti.

"Mjomba, ile hesabu niliikata mimi. Si meneja."

"Ndiyo," akasema mzee.

"Unanisamehe?"

"Ndiyo."

Machozi yakamtoka Pasi kwa furaha. Mama akainamia kiti. "Mume wangu, nifungue dirisha?"

"Ndiyo."

"Au niliache?"

"Ndiyo."

Mama akajinyoosha. "Neno limebaki hilohilo, mwanangu. Ila kuhesabu anaweza. Daktari anasema hesabu zimekaa chumba kingine kichwani. Ukimwanzishia, anaendelea."

Pasi akawasha kinasa sauti. "Moja," akaanzisha.

"Moja," akasema mzee, kwa sauti ileile kavu. "Mbili. Tatu."

Pasi akavuta pumzi.

"Nne," akasema mzee. "Tano. Sita."

Katika miaka yote hakuwahi kumsikia akilitamka neno lile. Pumzi ilimkwama kifuani. Mzee aliendelea kama mtoto wa darasa la kwanza, saba, nane, mpaka kumi na nne. Hapo akanyamaza, mdomo wazi, akimtazama Pasi, au labda dirisha lililokuwa nyuma yake.

Kimya kikatanda. Pasi akaimba mstari wa kwanza, polepole, kama alivyokuwa akiyaimbia mashuka.

Mwezi uliofuata walimzika. Wimbo ulipotoka, meneja alilalamika kwamba hakuna atakayevumilia mtu anayehesabu mpaka kumi na nne. Pasi akamwambia safari hii hakati kitu. Watu huanza kwa kucheka, wakahesabu naye, na kwenye kile kimya wote hunyamaza.

Wapo wanaosema mzee alichoka tu. Wapo wanaosema alimwachia nafasi yake. Pasi alimuuliza siku ileile, palepale, akiwa bado amepiga magoti.

"Mjomba, umechoka, au umeniachia?"

"Ndiyo," akasema Bwana Tatu.