Mwanaesha na Miyaa Saba

Masahibu zangu, leo nusura ninyang'anywe mwanafunzi!

Mwanaesha wa hapa chekechea yetu Mambrui, miaka mitano, penseli haikai mkononi. Akishikishwa, analia. Basi leo nikampa miyaa saba, vile vipande vyembamba vya majani ya mkindu, asuke ukili, utepe wa kushonea mkeka, kama afanyavyo nyanyake.

Mara babake huyo mlangoni!

"Shikamoo, baba," nikamwamkia.

"Marahaba. Mwalimu, ukili kwetu upo. Huku nimemleta asome."

Nikaona haya. Nikampokonya mtoto miyaa, nikaificha nyuma yangu.

"Haya mwanangu, hesabu nikusikie," babake akamwambia.

Anatazama vidole vyake tu.

"Basi twende zetu nyumbani. Harudi tena hapa."

Jamani! Nikamrudishia miyaa mbio mbio. Vidole vikaanza kazi, na mdomo nao:

"Moja, mbili, tatu..." mpaka saba. Kisha akanigeukia, kakunja uso.

"Mwalimu, nyanya husuka kwa tisa. Mbona umenipunja?"

Babake alicheka mpaka kofia ikamwanguka. "Haya, abaki."

Wallahi nilishusha pumzi!

Ila akitoka akaniuliza: "Na kusoma je, utamfundisha kwa kusuka nini?"

Ungekuwa wewe, ungemjibu nini?