Maneno Yaliyochelewa Kufika Kigoma

Jamani, nawasimulia hili nikiwa na aibu na hasira, ila hasira ndiyo inayotangulia. Mimi Goreth, binti niliyelelewa kupiga magoti nikisalimia wakubwa, nimewasema vibaya wakwe zangu, kwa sauti, sebuleni kwetu Minto, hapa Sydney, siku ileile waliyokuja kuniposa, halafu nikakaa palepale nikitazama maneno yangu yakiwafikia. Mtu mwingine akiropoka, anaropoka mara moja mambo yanakwisha. Mimi nilipewa muda wa kusubiri.

Ili mnielewe lazima nianze na lagi, ule uchelewaji wa mashine na mtandao. Nacheza gemu la kufyatuliana risasi kwenye kompyuta, mimi na timu ya wanawake wenzangu (ndiyo, nina miaka ishirini na tisa, ndiyo, mchana nafanya kazi ya watu wazima ghalani, na ndiyo, nimeshasikia maoni ya kila mama wa kanisani kuhusu jambo hili, asanteni). Kwenye gemu la namna hii ukibonyeza kitufe na mtu wako akageuka kwa kuchelewa, hata kwa kupepesa jicho tu, umeshakufa, na aliyekuua anakucheka kwenye maikrofoni. Nikiuawa kihalali naweza kulala. Nikiuawa na lagi chakula hakipiti.

Basi nikaanza kuisaka. Kipanya kisicho na waya nikakigawa, nikanunua cha waya. Skrini nikabadilisha. Mapambo yote ya picha nikayazima mpaka miti ya kwenye gemu ikawa kama mchicha uliochemshwa sana. Nikavuta waya wa bluu kutoka kwenye ruta, kile kisanduku cha intaneti chenye taa kilicho chini ya televisheni yetu, nikaupitisha pembeni ya korido hadi chumbani kwangu, na Mama akajikwaa hapo akiwa na kapu la nguo, na tangu siku hiyo waya huo ukawa unatajwa kwenye maombi ya asubuhi. Bado lagi ikawa inarudi kila Jeanine, mdogo wangu, akifungua video zake. Nikaona sasa hii ni dharau. Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe, ambako unaweza kuchagua kifaa gani kihudumiwe kwanza watu wakigombania intaneti, nikaiweka kompyuta yangu mbele na nyumba nzima nyuma yake. Sikumwambia mtu. Gemu likatulia, nikafurahi, na baada ya wiki kadhaa nikasahau kabisa kwamba niliwahi kufanya kitu kama hicho.

Sasa Elisha. Elisha ni Mtanzania wa Kigoma, anasoma chuo huko Kensington, humuhumu Sydney, na sisi ni Warundi tuliokaa kambini mkoani kwao kabla ya kuletwa Australia, kwa hiyo ungetegemea nyumbani kwao tupokelewe kama majirani. Wapi. Mama yake hakunitaka. Hajawahi kuniona, lakini alishamwambia mwanawe kwamba wasichana waliokulia Ulaya (kwake yeye Sydney nayo ni Ulaya) wana mdomo. Baada ya Elisha kubembeleza sana, mama akakubali posa ifanyike kwa video: Elisha na mshenga wake waje kwetu, na yeye Mama Elisha pamoja na baba mkubwa wa Elisha, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, wawe kwenye skrini kutoka Kigoma. Akasema anataka kunisikia mwenyewe nikiongea, ndipo aamue. Nikasema sawa, huyo mama atakutana na adabu ambayo hajawahi kuiona.

Siku ikafika, Jumamosi, kwetu jioni na kwao asubuhi. Na ni siku hiyohiyo, katika siku zote ambazo Mungu ameumba, wenye gemu waliamua kutoa toleo jipya, kubwa ajabu, na bila kulipakua huchezi, na kesho yake timu yetu ilikuwa na mechi. Nikaanza kulipakua. Mama akapita mlangoni akiwa na sahani za sambusa.

"Goreth, ile mashine yako leo uizime. Wageni wanafika sasa hivi."

"Nimezima, Mama."

Nilikuwa nimezima skrini. Kompyuta yenyewe niliiacha iendelee kupakua kimyakimya huko chini ya meza, kwa sababu nilijiambia intaneti yetu ni pana, inatosha watu wote, kwani posa itakula nini.

Elisha akaja na suti aliyoivaa kwenye treni njia nzima bila kuegemea kiti, pamoja na mshenga wake, Mkongo wa kanisani kwetu tunayemwita Papa Chance. Upande wetu alikuwepo Mama, Jeanine na Baba mdogo, msemaji wetu, ambaye tulimweka kwenye kigoda mbele kabisa ili sauti yake iingie vizuri kwenye kompyuta ndogo ya Elisha, iliyounganishwa na televisheni. Mimi ndiye niliyeshughulikia mitambo. Nikaiweka televisheni kwenye hali ya michezo ili picha isichelewe, kisha (hapa ndipo ningenyamaza, lakini sikunyamaza) nikawatolea wageni hotuba fupi kwamba nyumba hii lagi haiingii, lagi naijua mimi, wakae kwa amani.

Simu ikapokelewa. Mama Elisha akaonekana, kitenge kipya, mikono mapajani, na kando yake baba mkubwa mwenye koti. Nikapiga magoti mbele ya televisheni.

"Shikamoo baba, shikamoo mama."

Kimya. Wananitazama tu. Nikabaki nimepiga magoti, natabasamu, magoti yanaanza kuuma. Kisha nikamwona Mama Elisha akimgeukia baba mkubwa.

"Huyu hata salamu hana?"

"Nimesalimia, mama," nikasema haraka.

"Marahaba," akajibu baba mkubwa, na Mama Elisha akiwa bado amenuna, halafu baadaye kidogo wote wawili wakashtuka kwamba ninawaambia nimesalimia, kana kwamba nabishana nao. Tayari nikaanza kuchemka. Nimelelewa vizuri, nimepiga magoti mbele ya televisheni kama mwendawazimu, halafu naambiwa sina salamu.

Wazee wakaendelea hivyohivyo, wakikanyagana maneno. Baba mdogo akisema karibuni, wao wanasema asanteni kwa jambo jingine. Mwishowe ikafika zamu yangu. Baba mkubwa akajiweka sawa.

"Binti, huyu kijana wetu aliyekaa hapo, unamfahamu?"

"Ndiyo, ninamfahamu," nikasema, kwa ile sauti ndogo niliyoifanyia mazoezi bafuni.

Tukasubiri. Baba mkubwa naye akasubiri, akakuna kidevu, akaona binti anasitasita, basi akaamua kunirahisishia kwa swali jingine.

"Usiogope. Sema tu ukweli. Labda kuna mwanamume mwingine huko?"

Nikafungua mdomo niseme hapana. Kabla sijatoa sauti, nawaapia, nikaona uso wa mzee ukianguka. Mama Elisha akaweka mkono kifuani. Walikuwa wamejibiwa, na jibu ni langu, kwa sauti yangu ndogo ya bafuni, lile la swali la kwanza, likitua taratibu juu ya swali la pili: ndiyo, ninamfahamu.

"Anamfahamu," baba mkubwa akasema. "Tena anasema hadharani."

Sebule ikalipuka. Elisha akasimama anapiga kelele kwamba hapana, ni mtandao, Mama anasema hapana, Baba mdogo anasema hapana, na hapana zote hizo zikaenda kutua kwenye maswali mengine kabisa, maana tulimwona baba mkubwa akiuliza kama ukoo wetu unataka kuendelea, halafu akainama kwa huzuni.

"Zima sauti kidogo," Baba mdogo akaniambia. "Tujipange."

Nikainuka kuelekea kwenye kompyuta ya Elisha, nimefura. Nilimgeukia Jeanine kwanza.

"Umefungua video tena wewe."

"I'm on my own data, dada," akanijibu bila kuinua macho, yaani anatumia bando la simu yake.

Kwa hiyo nyumbani kwetu ni salama. Kwa hiyo kosa ni la huko. Na hapo, huku mkono ukiwa njiani kwenda kuzima sauti, neno likanitoka.

"Watu wanataka mke na bando hawana."

Nikabonyeza. Maikrofoni ikazimika. Nikapumua.

Papa Chance alicheka kidogo kisha akajizuia. Elisha yeye hakucheka.

"Goreth, umezima kabla au baada?"

"Nimezima, hawasikii. Waangalie."

Tukawaangalia. Mama Elisha alikuwa anakunja ncha ya kitenge chake, mtulivu, na mimi nikawa namwambia Elisha unaona, na nikawa bado nasema unaona wakati mkono wa Mama Elisha ulipoacha kukunja. Akainua uso. Akamtazama baba mkubwa, naye baba mkubwa akamtazama. Kuzima maikrofoni hakurudishi yaliyokwisha kuondoka, jambo ambalo mimi, mtaalamu wa lagi, nililielewa nikiwa natazama midomo yao. Nililia machozi hapohapo, na sikulia kwa huzuni, nililia kwa uchungu wa kuonewa, kwa sababu kichwani mwangu bado kosa lilikuwa la Kigoma.

Baba mdogo akasema mgongo unamuuma, kigoda kimemshinda, na kama ni kufukuzwa na wakwe afukuzwe akiwa amekaa vizuri. Mama akamwomba Papa Chance aende chumbani kwangu alete kile kiti changu kikubwa. Papa Chance akaenda. Tukamsikia akiita kutoka korido.

"Mama Goreth, kuko mashini moja huku inapumua sana. Iko na moto. Ni ya kupikia?"

Mama alinigeukia polepole, na mimi ndipo nikakumbuka vyote kwa pamoja: skrini niliyoizima, gemu linalopakuliwa, na ruta niliyoiambia mwenyewe kwamba kompyuta yangu kwanza na wengine wote baadaye. Posa yangu ilikuwa imewekwa foleni nyuma ya gemu langu. Na ningependa kuwaambia kwamba hasira ilinitoka, lakini haikunitoka, iligeuka tu ikaanza kunitafuna mimi.

Sikuwa na muda wa kwenda kuzima vizuri. Nikapiga mbizi chini ya televisheni nikaung'oa ule waya wa bluu kwenye ruta.

Picha ikasafika. Tuliona hadi maua ya kwenye kitambaa cha meza yao. Jogoo akawika huko Kigoma tukamsikia kama yuko jikoni kwetu. Mtu akawa amefungua sauti yetu, nadhani ni Elisha. Na Mama Elisha, bila kuchelewa hata kidogo, akanitazama nikiwa bado chini kwenye zulia.

"Bando tunalo, mwanangu," akasema. "Tumeliweka tangu jana, kwa ajili yako."

Nawaambia ukweli, nimewahi kuaibika, lakini kile kitu kilishuka kama maji baridi mgongoni. Nilijua walivyojiandaa. Elisha alikuwa ameniambia mama yake alienda kufanya majaribio ya kupiga video kwa jirani ili asije akakosea mbele yetu, na nilikuwa nimecheka. Nikapiga magoti vizuri, mbele ya televisheni, kwa mara ya pili jioni ile.

"Hiyo kamba mkononi ni ya nini?" Mama Elisha akauliza.

Nikatazama. Nilikuwa bado nimeushika waya.

"Ni ya intaneti, mama. Tatizo lilikuwa kwetu. Kwangu mimi. Kompyuta yangu ilikuwa inapakua gemu na ilikula mtandao wote. Nilichosema kuhusu bando nilikisema kwa hasira, na si kweli, naomba mnisamehe."

Akanyamaza. Sasa mtandao ulikuwa mzuri, kimya kile kilikuwa chake mwenyewe, na ningelipa chochote kirudi kile cha lagi. Elisha alikuwa ameshika magoti yake. Mama yangu alikuwa amefumba macho, midomo inatembea.

"Gemu," akasema mwishowe.

"Ndiyo, mama."

"Katika siku ya posa."

"Ndiyo, mama."

"Nilimwambia Elisha una mdomo." Akamtazama baba mkubwa, kisha akarudi kwangu. "Hakuniambia unao wa kuomba radhi pia. Haya, lile swali la baba mkubwa. Mwanamume mwingine—"

"Hapana, mama."

"Sijamaliza kuuliza."

"Hapana, mama, hata ukimaliza."

Baba mkubwa ndiye aliyeanza kucheka, kisha Papa Chance, ambaye alikuwa amesimama kwenye mlango wa korido amekumbatia kiti changu na hakuna aliyemwambia akiweke wapi. Posa ikapokelewa. Mama akagawa sambusa zilizokwisha kupoa.

Sasa mtadhani mambo yaliishia hapo kwa heri. Kigoma nzima inajua. Nikipiga simu kwa Mama Elisha, kabla ya salamu ananiambia, "Subiri kwanza mwanangu, nihakikishe bando lipo," halafu nasikia watu wengi nyuma yake wakicheka, watu nisiowajua, watu ambao nitawapikia kwenye harusi. Elisha naye anacheka. Na mechi ya Jumapili, kwa kuwa toleo jipya halikumaliza kupakuliwa, timu yangu ilicheza bila mimi na ikashinda, jambo ambalo bado naliona kama usaliti.

Nimeingia tena kwenye ruta. Simu ya Mama ndiyo ya kwanza sasa, ikifuatiwa na televisheni, na Jeanine, na kila kitu chenye taa humu ndani, na kompyuta yangu ni ya mwisho kabisa. Nimeapa haitapanda tena. Nabonyeza, mtu wangu anageuka akiwa ameshakufa, wanacheka kwenye maikrofoni, na mimi naizima yangu kwanza, nahesabu pumzi chache, ndipo nasema ninachotaka kusema.