Sifa Zilizotangulia Jina

Papa Isidore, mutengenezaji wa kinga, yaani baiskeli, pale kwetu Masisi, aliwahi kupikia askari wa ONU, wale wa Umoja wa Mataifa, kule Goma. Akarudi na sufuria kubwa na Kingereza. Sufuria aliuza. Kingereza hakuna muntu alikitaka, basi alikitumia mwenyewe, ndani ya Swahili yetu.

"Wangereza iko na heshima," alitufundisha, mupira wa tairi mukononi. "Sisi tunasema 'nyumba kubwa', jina linakimbia mbele bila adabu. Wao wanasema 'kubwa nyumba'. Sifa fupi zinatangulia, zinafagia njia, kisha njo jina linapita. Ila sifa ndefu, ile ya 'ambaye', inabaki nyuma ya jina. Ni nzito, haiwezi kukimbia."

Siku moja sokoni alimuambia Mama Victorine, muuza matunda: "Mama, nipe kubwa, tamu, ya njano..." Kabla hajafikia ndizi, alishawekewa papai mukononi. Alililipa, akalikula.

Sasa alimupenda shangazi yangu Euphrasie, mujane. Lakini Papa Damien, muchuuzi wa Walikale, alishatuma neno kwamba Jumapili atakuja kumuomba. Ilibidi Isidore awahi. Ijumaa alifika kwetu na koti la mukutano, akakaa mbele ya baba.

"Papa Théophile," alisema, "nimekuja juu ya munene, mweusi, mutulivu, mwenye afya..."

Baba alifurahi sana. Wiki nzima alikuwa akitafuta muntu wa kununua ng'ombe wetu.

"Karibu, kaka! Umeshaangalia meno?"

"Meno?" Isidore alishituka. "Ndiyo... nimeyaona akicheka."

"Akicheka!" Baba alimutazama kidogo, halafu akaona ni namna ya muteja ya kusifu. "Haya. Sikufichi kitu: asubuhi ukimukamua, anapiga teke."

Kule jikoni, maharagi yakiwa motoni, shangazi aliacha kuchagua muchele. Akatoka na kitunga mukononi.

"Théophile! Nani anakamuliwa hapa?"

"Ng'ombe," baba alisema.

"Mwanamuke," Isidore alisema, pamoja naye. Jina lilikuwa limefika mwishowe, lakini limechelewa.

"Papa Isidore," shangazi alisema, "unatuma sifa zangu mbele peke yake, mimi uniache nyuma, kaka yangu aniuze na mukia?"

"Mama, kwa Kingereza..."

"Hapa siyo Goma. Weka jina kwanza."

Isidore alilitanguliza: "Euphrasie."

"Ehe. Na kisha?"

"Euphrasie muzuri. Euphrasie ambaye akipita, nasahau tairi ndani ya maji. Ambaye akinisalimia, naweka mnyororo kinyume. Ambaye mwaka uliopita alinicheka sokoni juu ya papai, na mimi nikafurahi, ambaye..."

"Hiyo 'ambaye' yako," baba alinung'unika, "iko kama njia ya kwenda Pinga. Haiishe."

"Muache," shangazi alisema, akiweka kitunga chini na kukaa. "Ile ya kufuata nyuma njo nimependa. Endelea, Papa Isidore."

Aliendelea mpaka maharagi yakaungua.

Jumapili Papa Damien alifika kutoka Walikale, viatu vimejaa matope. Alisema sawasawa kabisa, jina mahali pake: "Nimekuja kuomba Euphrasie."

Baba alimujibu kwa heshima kwamba huyo ameshapata muntu. Lakini kumebaki mwingine, munene, mweusi, mutulivu.