Habari Alizoziruka Bakhit

Siku hizi kila mtu Maskati anasikiliza habari zake peke yake, lakini mwaka 1968 barza nzima ya Waunguja waliokimbilia huko ilimngoja Bakhit na redio yake. Kiingereza alijifunza mwenyewe, akiwatafsiria wenzake vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Nigeria. Alimpenda kiongozi wa Nigeria aliyekataa nchi yake igawike, kwani yeye Unguja yake ilikwisha kumpotea kwa mapinduzi. Kwa hivyo habari za watoto waliokufa njaa upande uliojitenga, uliozingirwa na majeshi ya kiongozi huyo, aliziruka.

Sahibu yake Harub akazisikia kwa baharia.

"Na watoto, Bakhit, mbona hutwambii?"

"Kiongozi anaiokoa nchi, sheikh."

"Hata waliotufukuza sisi walisema hivyo."

Bakhit akammiminia kahawa. Harub alikunywa funda moja, akakitikisa kikombe kuonyesha imemtosha, akavaa makubadhi yake, akaenda zake, na barzani hakurudi tena. Ndiyo mara ya mwisho Bakhit kumwona.