Henna Alivyohama kwa Veikko

Tangu mwezi wa Januari Henna Rautiola alikuwa akiulizwa swali moja tu. Aliulizwa kwenye kituo cha mafuta akijaza dizeli kwenye lori lake la maziwa. Aliulizwa kwenye sauna, wanawake wenzake wamekaa uchi juu ya ubao, jasho linawatiririka, na bado mmoja alipata pumzi ya kuuliza. Hata mchungaji alimuuliza, tena mazishini. "Vipi, Henna, hujuti?" Naye alijibu vilevile kila mara: "Nijutie nini?" Kisha akaondoka upesi. Asiyejuta hana haraka, lakini yeye alikuwa nayo.

Alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, mfupi, mwenye mabega mapana na ulimi mkali. Kazi yake ilikuwa kukusanya maziwa katika vijiji vya Savo, huko Finlandi, mashambani na msituni, theluji au mbu. Lakini jina alilipata kwenye machimbo ya changarawe, kwenye yale mashindano ya magari makuukuu ambayo wenyewe huyaita mbio za kila mtu. Gari hung'olewa viti vya abiria, vioo na kila pambo, likabaki na injini na dereva mmoja mwenye kichaa kidogo. Miaka mitatu mfululizo bingwa wa Savo alikuwa Henna.

Mbio hizo zina sheria ambayo mgeni haiamini mpaka aione. Magari yote yana bei moja, iliyopangwa na chama cha mbio. Mbio zikiisha, dereva yeyote mwenye leseni anaweza kuandika jina lake kwenye karatasi na kuomba kununua gari la mwenzake, na mwenye gari haruhusiwi kukataa. Akikataa, leseni inakwenda. Waombaji wakiwa wengi, hupigwa kura, karatasi moja ikachotwa. Sheria iliwekwa ili tajiri asije na gari la dhahabu, maana nani atalijenga kwa mali nyingi kisha amuuzie jirani kwa bei ya baiskeli?

Ila binadamu ni binadamu, kwenye sheria haachi kutafuta upenyo. Gari lako likitamaniwa, marafiki zako nao huandika karatasi, ili kura itawanyike. Ikimwangukia rafiki, analipa mbele ya watu, na kesho yake gari linarudi kwako na fedha zinarudi kwake, mnakunywa kahawa, yamekwisha. Kila mtu analijua jambo hilo na hakuna anayelisema.

Ubingwa wa miaka yote mitatu Henna aliupata kwa gari la Veikko Louhela, mfugaji wa miaka sitini na minne, pande la mtu, karibu mita mbili, na maneno yake machache kama nywele zake. Veikko alitengeneza, Henna aliendesha, wenzao wawili walisaidia kusukuma na kuandika karatasi. Hiyo ndiyo ilikuwa timu. Banda lao lilikuwa na baridi iliyofanya spana zigande kwenye vidole, na ukitaka kuzibandua uzipulizie pumzi kwanza.

Ndipo akaja Jarkko Pesälä, muuza matrekta wa mjini. Alikuwa na karakana yenye joto, makoti yenye majina ya madereva mgongoni, na ahadi ya kwenda kushindana Uswidi. Henna alikuwa ametoka kulala chini ya gari kwenye baridi, mgongo unamuuma, na hakuwahi kutoka Savo kwa ajili ya jambo lolote la maana. Akakubali. Mimi simlaumu kwa kukubali. Namlaumu kwa namna alivyoaga, kwa ujumbe wa simu: "Nahamia kwa Jarkko. Asante kwa yote. Maziwa nitachukua kama kawaida." Maneno kumi kwa miaka tisa ya kazi pamoja! Veikko hakujibu. Wale wenzao wawili nao wakaacha mbio, na timu ikafa.

Waswahili tunasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ya Henna hayakuwa mjukuu, yalikuwa jirani. Kila baada ya siku moja ilimbidi aingie uani kwa Veikko na lori. Zamani mzee alikuwa akitoka zizini na kahawa kwenye kifuniko cha themosi, wakabishana juu ya injini mpaka pampu inamaliza. Sasa alibaki ndani na ng'ombe wake. Henna aliunganisha bomba, akasimama dakika kumi na moja akisikiliza pampu, akiutazama mlango wa zizi, akijifanya anakagua tairi. Mara mbili alikwenda mpaka mlangoni, mkono ukagusa kitasa, akarudi.

Kwa Jarkko hakuonewa. Alipewa koti, alipewa kahawa, alisikilizwa na kompyuta. Akisema gari linavuta kushoto kwenye kona ndefu, fundi alitazama kioo na kusema, "Hapa halionekani." Kwa Veikko, ukisema gari linavuta kushoto, mtu alikuwa ameshaingia chini ya gari kabla hujafunga mdomo. Henna akamaliza wa nne, wa tatu, wa nne tena. Akawa mtu wa kutotulia. Alibadilisha glavu, akabadilisha viatu, akaosha lori lililokuwa safi. Akila, alisimama.

Na lile gari la ubingwa, nambari kumi na saba, Veikko alianza kuliendesha mwenyewe. Mbio nne, mara nne wa mwisho. Watu wakashika mbavu. "Polepole, Veikko, usije ukavunja mayai!" Henna hakucheka hata siku moja.

Mbio za tano zilikuwa Julai. Machimbo yalijaa vumbi, soseji zilikuwa zikiungua juu ya makaa, mbu walikuwa wakila watu bila kubagua timu. Henna alimaliza wa tatu, Veikko wa mwisho. Alikuwa hajavua helmeti vizuri, Jarkko akamjia na haradali kwenye ndevu na kalamu mkononi.

"Haya, bingwa. Andika jina."

"La nini?"

"Gari la Veikko. Mimi nimeandika, na wenzako wawili wameandika. Nawe andika, tuwe wanne, lisituponyoke."

"Jarkko, gari hilo limetoka la mwisho."

"Aliyetoka wa mwisho ni yule babu. Gari ni lilelile. Nataka nilipasue nione alichofanya kule nyuma chini."

"Si umuulize?"

"Nilimuuliza. Akaniambia huenda amefanya kitu, au huenda hakufanya." Jarkko akatema mate. "Msavo halisi! Akiongea, wewe msikilizaji ndiye unayebaki na mzigo."

Henna akatazama huku na huku. Alitafuta mtu mmoja tu ambaye angemwandikia Veikko karatasi ya kirafiki, hakumwona. Wale wawili wa timu ya zamani walikuwa nyumbani. Aliyebaki alikuwa yeye. Moyo ukamdunda kuliko kwenye mstari wa kuanzia. Karatasi tatu zilikuwa za Jarkko, na ya nne ingekuwa yake, na kama Mungu angependa kura imwangukie, gari lingerudi kwa mzee kesho asubuhi pamoja na lori la maziwa. Akaichukua kalamu. Akaandika jina. Chini ya jina palikuwa na mstari wa timu, na sheria ilitaka ujazwe. Akaandika: Pesälä.

Mwamuzi, mama mmoja mwenye sauti ya tarumbeta, alipanda juu ya kreti na bakuli la plastiki.

"Nambari kumi na saba, mwenye gari Louhela! Maombi manne!" Akayasoma yote. La mwisho akalisoma taratibu: "Rautiola, timu ya Pesälä."

Watu wakaguna. Kwa mara ya kwanza tangu Januari Veikko alimgeukia Henna na kumtazama usoni. Henna alitaka kupaza sauti aeleze, lakini ungelielezaje jambo ambalo hakuna anayelisema? Mwamuzi akatia mkono, akatoa karatasi.

"Rautiola!"

Jarkko akaruka kama aliyepata mtoto. "Limekuja nyumbani! Leteni trela!"

"Acha trela," alisema Henna. "Nalilipia mwenyewe. Kesho linarudi kwake."

"Una wazimu? Umeandika timu ya nani? Na hilo koti ulilovaa ni la nani?"

Henna akalivua, akalikunja vizuri, akamkandamizia kifuani. "Lako. Shika."

Alimkuta Veikko amesimama kando ya gari, anafuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

"Veikko, niliandika ili nikulinde. Unajua. Kesho nakurudishia, tunakunywa kahawa."

"Najua ulichofanya," alisema mzee. "Ingia ulitoe, linaziba njia."

Milango ya magari hayo huchomelewa, mtu hupitia dirishani. Henna akapenya, akakaa, akanyoosha mguu kutafuta klachi. Mguu ukafika. Akajaribu breki, ikafika. Kile kipande cha mbao ambacho Veikko alikichonga akakifunga juu ya pedali kwa sababu ya ufupi wa Henna kilikuwa bado kipo. Kiti kilikuwa pale pale alipokiacha. Mtu wa mita mbili alikuwa ameendesha mbio tano magoti yakiwa masikioni, usukani ukimchimba tumbo, watu wakimcheka, na yeye Henna akidhani ni uzee.

"Hukusogeza kiti," alisema.

"Boliti zimeshika kutu."

Henna akapeleka mkono chini ya kiti. Vidole vikatoka na grisi mpya.

"Veikko. Zina grisi."

Mzee akatazama machimbo. "Nilidhani utarudi Aprili, barafu ikiyeyuka. Kisha nikasema, basi Mei."

"Najuta." Neno lilitoka lenyewe, pamoja na kilio. "Nilijuta siku ileile niliyokutumia ule ujumbe. Niliona haya tu. Naomba nirudi."

"Urudi wapi? Bandani nimeweka ndama. Sita. Wiki iliyopita."

"Na gari je?"

"Leo nilikuja kuliuza. Sikuhitaji wa kunilinda, Henna, nilihitaji mnunuzi. Yeyote. Hata Jarkko." Akakunja kitambaa chake. "Isipokuwa wewe."

"Kwa nini isipokuwa mimi?"

"Mwingine yeyote angelazimika kukisogeza hicho kiti, nami ningekoma kukungoja."

Akainama, akamfungia wavu wa dirisha kama alivyomfungia miaka tisa, akaukaza kila upande mpaka akaridhika. Kisha akagonga paa mara mbili, yaani nenda. Henna, ambaye Savo nzima ilijua kwamba hakuna anayempita kuondoka mstarini, akaachia klachi, na gari likamzimikia papo hapo.